Usukani Mzito wa Landrova ya Zamani: Upepo wa Tairi Una Hatia Kiasi Gani?

Mtu akifika gereji na kulalamika kwamba Landrova yake 109 imekuwa nzito kukata kona, mara nyingi jibu la kwanza ni hili: ongeza upepo. Upepo unaongezwa, usukani unalainika kidogo, mwenye gari anaondoka ameridhika. Baada ya muda anarudi na lalamiko lile lile, na anaambiwa aongeze tena. Ndiyo maana utakuta Landrova zikitembea na presha ya 45 au 50 kwenye tairi za mbele, zikirukaruka kwenye barabara ya matuta na kuteleza kwenye tope, huku ubovu wenyewe ukiendelea kula chuma mahali pengine kabisa.

Upepo mdogo hufanya usukani uwe mzito, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kiasi. Uzito wa usukani unatoka sehemu tatu: mpira unaosuguana na ardhi, mlalo wa magurudumu, na msuguano wa viungo vilivyo kati ya mikono ya dereva na magurudumu hayo. Upepo unatawala sehemu ya kwanza, unagusa ya pili kwa mbali, na kwenye ya tatu hauna lolote la kufanya. Asiyezitenganisha hizi tatu atabadilisha vipuri hadi mfuko utoboke, na gari litabaki vile vile.

Ninazungumzia Landrova za Series: II ya mwaka 1958, IIA ya 1961, na III iliyoanza 1971 na kuendelea kutengenezwa hadi 1985, fupi za inchi 88 na ndefu za inchi 109, kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hizi ndizo zilizobeba polisi, mabwana shamba, wamisionari na askari wa wanyamapori kwenye nchi zetu kwa miaka mingi. Maralal, kaskazini mwa Kenya, bado zinapakia abiria na magunia kila siku, na tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lilionyesha ni ngapi bado zinapumua. Hakuna hata moja kati yake iliyotoka kiwandani na pawa stelingi. Kila unachokisikia mikononi kinapita kwenye vyuma tu, kutoka ardhini hadi kwenye usukani.

Kwa hiyo kwanza lazima tujue uzito wa kawaida ukoje. Gari likiwa limesimama juu ya lami, kugeuza usukani wa 109 ni kazi ya mabega, na hakuna cha kutengeneza hapo. Likianza kuviringika, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, usukani unapaswa kulainika mara moja. Na ukimaliza kona ukalegeza mikono, unapaswa kurudi wenyewe kuelekea katikati. Hiyo dalili ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Usukani mzito unaorudi wenyewe kwa kawaida unalalamikia tairi au uzito wa mbele. Usukani mzito uliobaki pale ulipouacha, kana kwamba umebanwa, una kiungo kilichokauka.

Unyayo wa tairi

Anza na tairi, kwa kuwa hapo ndipo gari linapogusana na ardhi. Hewa iliyomo ndani ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kwa hesabu ya haraka, uzito ulio juu ya gurudumu ukigawanywa kwa presha unakupa ukubwa wa unyayo, yaani eneo la mpira lililolala chini. Tuseme kila gurudumu la mbele limebeba kilo 450. Kwa presha ya 25 kwenye geji, kile kipimo cha paundi kwa inchi ya mraba ambacho mafundi pancha wetu wanakitumia, unyayo ni karibu sentimita za mraba 256. Ishushe hadi 15, unakuwa 427. Ipandishe hadi 35, unabaki 183. Ubavu wa tairi nao hubeba kiasi, hasa ukiwa mgumu, kwa hiyo namba za gari lako zitapishana na hizi, ila mwelekeo ni huo.

Ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, unausaga unyayo huo juu ya ardhi papo hapo. Ukubwa wa msuguano wenyewe unafuata uzito wa gari kuliko eneo. Kinachobadilika ni umbali kati ya kitovu cha unyayo na mpira ulio pembezoni mwake: unyayo mpana una mpira mwingi ulio mbali na kitovu, na kuuburuza mpira huo kunadai nguvu zaidi. Lakini umbali hauongezeki sawasawa na eneo. Unaongezeka kwa kipeuo chake cha pili. Kutoka presha ya 25 hadi 15 eneo linakua kwa theluthi mbili, na nguvu inayohitajika kuzungusha gurudumu inakua kwa takriban asilimia 30 tu. Kutoka 25 kwenda 35 unaokoa kama asilimia 15.

Ningependa kila mwenye Landrova aikumbuke hesabu hii. Kama gari lako mwaka jana ulilikata kona kwa raha na leo linakutoa jasho, na geji inaonyesha upungufu wa presha tatu au nne, upepo hauwezi kuwa sababu yote. Haufiki hapo. Na kama umepandisha presha kwa kumi nzima ndipo ukapata nafuu ndogo, basi umefanya kile ambacho hesabu ilikuwa imekwisha kukwambia, na tatizo bado liko ndani.

Gari likiwa kwenye mwendo mambo hubadilika kidogo. Tairi inapokata kona, nguvu ya pembeni haikai katikati ya unyayo. Inakaa nyuma kidogo ya kitovu, na kwa sababu hiyo inajaribu kulinyoosha gurudumu. Unyayo ukirefuka kwa upungufu wa upepo, nguvu hiyo inasogea nyuma zaidi, na mikono inahisi gurudumu likipingana nayo. Ndiyo sababu pancha inayovuja polepole mbele huhisiwa kwanza kwenye usukani: gari linazidi kuvuta upande mmoja na usukani unakuwa mzito na wa kivivu.

Presha gani hasa?

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la kwanza. Kwa 109 yenye tairi za 7.50-16, kinataja 25 kwa tairi za mbele, na za nyuma hupanda hadi 36 gari likibeba mzigo. Angalia tofauti hiyo: mzigo wa Landrova hukaa nyuma, na mbele hakuna sababu ya kupandisha sana. Kujaza zote nne sawasawa kwa 40 au 45 "kwa usalama" ni mazoea ya malori yaliyohamia kwenye gari lisilo lori.

Kosa jingine ni kusoma namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi na kuichukua kama maagizo. Namba ile inahusu tairi kubeba mzigo wake wa mwisho kabisa. Haijui kwamba imefungwa kwenye Landrova yenye mbele nyepesi. Ukiijaza hivyo, tairi inakuwa ngumu kama gogo, inagusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, breki zinapungua nguvu, na kila tuta linapelekwa moja kwa moja kwenye springi, chesisi na viungo vya usukani. Unapata wepesi wa kuegesha sokoni, unalipa kwa hatari kwenye mteremko wenye changarawe.

Hata hivyo kitabu kiliandikwa kwa tairi za wakati wake. Ukiwa na tairi za aina nyingine, au umefunga injini nzito ya dizeli ya Kijapani, au bampa la chuma lenye winchi, 25 inaweza kuwa ndogo. Njia rahisi ya kujua ni chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi, endesha mbele mita chache kwenye lami kavu bila kukata kona, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni na kubaki katikati, umepungua. Unatafuta ifutike sawasawa. Njia nyingine ni kupima presha asubuhi kabla ya safari, kisha kupima tena baada ya saa moja ya mwendo wa kawaida. Hewa hupanda presha ikipata joto, na kupanda kiasi ni sawa. Ikipanda sana, zaidi ya sita hivi kwa tairi za aina hii, ubavu unajikunja kupita kiasi na kujichemsha, yaani ulianza na upepo mdogo.

Hilo la joto linaharibu vipimo vingi. Tairi yenye 25 asubuhi, hewa ya ndani ikiwa nyuzi 20, itasoma karibu 29 hewa hiyo ikifika nyuzi 50. Dereva anasimama kituo cha mafuta adhuhuri, anaona 29, anatoa nne. Kesho alfajiri ana 21 na usukani mzito, wala hajui ulikotoka. Mwinuko nao una mchango wake. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na hewa ya nje inapungua uzito kadiri unavyopanda. Ukitoka Mombasa hadi Nairobi, ambako uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tairi ile ile isiyoguswa itasoma karibu presha tatu zaidi kama joto halikubadilika, na pengine moja na nusu zaidi ukihesabu baridi ya huko juu. Safari ya kurudi pwani hupunguza kiasi hicho hicho. Nunua geji yako mwenyewe, pima tairi zikiwa baridi, na pima mahali unapoishi.

Mchangani ni suala tofauti. Kushusha hadi 15 ili gari lielee juu ya mchanga laini ni mbinu nzuri, na usukani utakuwa mzito. Huo ni uzito uliojitakia. Usikate kona za ghafla hapo, maana mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, na kwa tairi zenye tyubu, ambazo ndizo nyingi kwenye rimu za zamani, tairi huteleza kidogo juu ya rimu ikiikokota tyubu hadi valvu inalala upande. Ukiona valvu imeinama, simama urekebishe kabla haijang'oka. Na ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Tairi nyembamba zilikuwa na sababu

Landrova fupi ilifungwa 6.00-16 na ndefu 7.50-16: tairi ndefu, nyembamba, zenye nyuzi za mshazari na ubavu mgumu. Wengi leo wanaziona za kizamani na kuweka tairi pana za rediali. Rediali ni bora kwa mambo mengi, ila ubavu wake laini unalaza mpira mwingi zaidi chini kwa presha ile ile, kwa hiyo usitegemee namba za zamani zikupe wepesi wa zamani. Ukubwa wa 235/85 R16 unalingana kwa urefu na 7.50-16 na si mpana sana; gari linaustahimili. Ukienda 265 na zaidi, umeongeza kazi ambayo boksi la usukani halikubuniwa kuifanya.

Rimu ndizo huleta madhara makubwa zaidi. Chora mstari unaopita kwenye kingipini ya juu na ya chini, zile pini ambazo gurudumu linageukia, uteremshe hadi ardhini. Mstari huo unagusa ardhi karibu na katikati ya tairi, upande wa ndani. Umbali kati ya hapo na kitovu cha unyayo ndio mkono ambao barabara inautumia kupigana nawe. Rimu zinazosukuma gurudumu nje, au vipande vya chuma vya kupanua kati ya habu na rimu, vinaurefusha mkono huo. Kila jiwe na kila shimo litakung'uta vidole, na beringi za habu zitachakaa mapema. Mwenye gari aliyefunga rimu za namna hiyo kwa ajili ya sura asitafute mchawi kwenye boksi la usukani.

Usichanganye pia rediali na tairi za nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja. Na kama lazima gari liwe na aina mbili, rediali zikae nyuma. Zikikaa mbele, nyuma inakuwa na mshiko mdogo na gari linazunguka kwenye kona.

Jeki ndiyo inayoamua

Hiki ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vingine vyote, na hakigharimu kitu. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele kwa jeki, ilaze juu ya stendi imara, magurudumu yote mawili yakiwa hewani. Sasa zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Tairi hazigusi chochote, kwa hiyo upepo umetoka kwenye kesi. Ukizunguka kwa ulaini ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukinzani mdogo tu, viungo vyako ni vizima: rudi kwenye tairi, rimu na uzito wa mbele. Ukiwa bado mzito, au unakwama mahali fulani, acha pampu ya upepo kando uchukue spana.

Hatua inayofuata ni kugawa tatizo nusu kwa nusu. Kutoka kwenye boksi la usukani kuna rodi inayokwenda mbele hadi kwenye rilei, silinda ya chuma iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Chini ya rilei kuna mkono unaoshika rodi nyingine inayokwenda gurudumuni, kisha tairodi inaunganisha magurudumu mawili. Jumla ni boljointi sita. Chomoa ile rodi kwenye mkono wa chini wa rilei. Shika gurudumu kwa mikono, uligeuze kulia na kushoto. Kisha panda ndani, geuza usukani peke yake. Upande uliobaki mzito ndio wenye ugonjwa.

Ikiwa ni upande wa usukani, mshuku rilei kabla ya boksi. Rilei ndiyo kipuri kinachosahauliwa kuliko vyote kwenye gari hili. Ndani yake kuna shafti, vipande vya bushi vinavyoibana kwa nguvu ya springi kali, na oili. Oili hiyo ikivuja, hakuna anayegundua, maana hakuna tone kubwa linaloonekana sakafuni wala taa inayowaka. Mvua na vumbi vinaingia, shafti inashika kutu, na usukani unakuwa mzito taratibu kiasi kwamba dereva anazoea. Fungua bolti ndogo za juu, jaza oili ya gia polepole, endesha siku kadhaa, ujaze tena. Rilei nyingi hufufuka hivyo. Isiyofufuka huwa imeshikana na chesisi yenyewe kwa kutu, na kuitoa ni kazi ya nyundo, moto na uvumilivu. Onyo: springi iliyomo imebanwa kwa nguvu kubwa. Ikifunguliwa kienyeji hutoka kama risasi na imewahi kuumiza watu. Usikubali fundi aifungue bila kuidhibiti.

Boksi lenyewe linahitaji oili kwa kiwango sahihi. Likianza kuvuja, wengine hulijaza grisi nzito. Grisi inasukumwa pembeni na kubaki huko, na sehemu zinazosuguana zinakaa kavu. Pia lina skrubu ya kurekebisha pembeni. Dereva akilalamikia usukani kucheza, skrubu ile hukazwa, wakati mchezo wenyewe uko kwenye boljointi zilizochakaa. Matokeo yake ni gari lenye usukani mzito ambao bado unacheza, na boksi linalojitafuna.

Ikiwa uzito uko upande wa magurudumu, tazama matufe makubwa ya chuma kinachong'aa kwenye ncha za ekseli. Ndani yake gurudumu linageukia kwenye kingipini mbili: ya chini inakaa kwenye beringi, ya juu kwenye bushi. Humo mna oili ya gia namba 90, kama nusu lita kila upande. Tufe likishika kutu, uso wake unakuwa na vishimo, sili inachanika, oili inamwagika, maji ya mto yanaingia. Bushi ya juu hailali ndani ya oili. Inapakwa na oili inayorushwa na jointi ya shafti inapozunguka. Hapa kuna jambo ambalo wenye habu za kufunga na kufungua, zile zinazounganisha au kutenganisha gurudumu la mbele na shafti yake, wanapaswa kulijua: ukiziacha zimefunguliwa kwa miezi, shafti ya ndani haizunguki, oili hairushwi, na bushi ya juu inakauka hata kama kiwango cha oili ni kamili. Zifunge mara kwa mara, uendeshe kilomita kadhaa, kisha ufungue.

Grisi ya kawaida ndani ya tufe haifai kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haipandi juu. Ipo grisi laini maalumu iliyokuja na magari ya baadaye, na hiyo ni habari nyingine.

Kingipini zina ugumu wa makusudi. Vibati vyembamba chini ya kingipini ya juu vinapanga zibanwe kiasi gani, na kitabu cha mafundi kinatoa kipimo cha kuvuta mkono wa gurudumu kwa mizani ya springi. Msuguano kidogo unatakiwa, la sivyo magurudumu ya mbele yataanza kutikisika kwa nguvu gari likigonga shimo. Ndipo penye mtego. Gari linatikisika, fundi anapunguza vibati ili kubana, mtikisiko unakwisha, usukani unakuwa mzito na haurudi. Mwingine anaongeza vibati kuupa wepesi, mtikisiko unarudi. Wote wawili wamefanya bila mizani. Tikisiko hilo mara nyingi lilianzia kwenye boljointi iliyokwisha au gurudumu lisilo na balansi, na kingipini zimebebeshwa kosa la wengine.

Kirungu cha njano

Kuna uzito mmoja unaowapoteza hata madereva wazoefu. Landrova nyingi za Series hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiingiza magurudumu yote manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani au matopeni yanateleza kidogo na tofauti inamalizika. Juu ya lami hayana pa kuteleza, vyuma vinajipinda, na usukani unakuwa mzito kana kwamba gari linakataa kona.

Kirungu cha njano kikibonyezwa, fobai, yaani magurudumu yote manne, inaingia. Kukitoa hakutoshi kukivuta juu. Inabidi usimame, uvute kirungu chekundu, kile cha kuchagua gia nzito na nyepesi, nyuma, kisha ukirudishe mbele, na cha njano kitaruka chenyewe. Dereva asiyejua hilo anaweza kutembea na fobai kutoka Karatu hadi Arusha akilaumu tairi.

Mlalo wa magurudumu

Kingipini hazikusimama wima. Zimelala nyuma kidogo, nyuzi 3, na mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati. Pia zimeinama kwa ndani nyuzi 7. Mtu akiinua gari kwa kufunga shakli ndefu kwenye springi, ekseli inazunguka na zile nyuzi 3 zinabadilika. Zikizidi, usukani unakuwa mzito na kurudi kwa nguvu. Zikipungua, unakuwa mwepesi lakini gari linatangatanga barabarani na dereva hapumziki. Springi zilizolala kwa uzee zinafanya vivyo hivyo kimyakimya. Ncha za mbele za magurudumu mawili nazo hukaribiana kidogo kuliko ncha za nyuma, kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Alaimenti ikitoka hapo, tairi zinakokotwa kiubavu muda wote, na ukipitisha kiganja juu ya mpira utaona kingo zake zimenoleka upande mmoja.

Kubadilisha injini kunagusa haya yote kwa pamoja. Injini nzito zaidi inaongeza mzigo kwenye unyayo, inalaza springi, na kuhamisha mlalo. Hapo kupandisha upepo wa mbele presha chache ni halali kabisa, kwa sababu uzito kweli umeongezeka, ila springi zinahitaji kutazamwa kwanza.

Vipi kuhusu pawa?

Wengi wanaofika mwisho wa subira wanataka kufunga pawa kutoka kwenye Defender au Range Rover. Range Rover yenyewe ilipotoka mwaka 1970 haikuwa na pawa, na ilianza kupatikana nayo mwaka 1973, kwa hiyo watengenezaji walisikia kilio hicho mapema. Mabadiliko hayo yanawezekana, na kwa mtu mwenye umri mkubwa au mabega mabovu yanaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuendelea kuendesha gari analolipenda. Lakini pampu haitofautishi msuguano wa tairi na ule wa bushi iliyokauka. Itasukuma vyote kwa nguvu ile ile, na ujumbe uliokuwa ukifika mikononi, kwamba kuna kitu kinakwama, hautafika tena. Boljointi iliyokwisha itabeba nguvu ambazo mikono ya mtu haikuwahi kuipa, hadi siku itakapochomoka. Fundi anayeijua kazi yake hatafunga pampu kabla hajayaona magurudumu ya mbele, yakiwa juu ya stendi, yakigeuka kwa mkono bila kugoma popote.